Jibu: Mlango wa mtoni Tudor umejaa tope, tumlilie nani?

Salaam ndugu yangu. Umeuliza: maji yakipwa boti zenu zinakwama kabla ya kufika diko, na barua mliyopeleka kaunti haijajibiwa.

Kabla ya barua nyingine, pimeni kina. Ngojeni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na maji yakipwa kabisa mpite na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, uliotiwa alama za mita. Andikeni mahali, tarehe na saa, maana Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kipimo kisicho na saa hakina maana. Sisi tulipoenda na malalamiko matupu tulisikizwa kwa adabu tu. Tulipoenda na vipimo tuliulizwa maswali ya kazi.

Barua itoke kwa BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, si kwa mtu mmoja, na nakala ziende Mamlaka ya Bandari, KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini) na NEMA (mamlaka ya mazingira). Wakinyamaza, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu ombi la habari. Bunge la kaunti nalo hupokea maombi ya wananchi, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Na tafadhali msiseme "chimbeni" pekee. Ulizeni tope litamwagwa wapi, kwa sababu likitupwa ovyo litafukia mazalio ya samaki. Tope jingi huteremka na mito ya Kombeni na Tsalu wakati wa masika. Mikoko ikizidi kukatwa, mtachimba leo na mlango utajaa tena. Daini tathmini ya mazingira, na wavuvi waitwe kabla mashine haijashuka majini.