Je, Saudi Arabia Iliifunga Argentina kwa Bahati Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila tunapozungumzia Kombe la Dunia la mwaka 2022, wenzangu hushikilia kwamba Saudi Arabia iliifunga Argentina mabao 2–1 kwa bahati tu, kwa kuwa ilipoteza mechi mbili zilizofuata na kuyaaga mashindano. Nawe waonaje? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, bahati ilikuwepo, lakini siyo iliyoamua mechi ile. Tarehe 22 Novemba 2022, katika Uwanja wa Lusail nchini Qatar, Argentina iliingia ikiwa haijafungwa katika mechi 36 mfululizo na ikishika nafasi ya 3 katika orodha ya FIFA, ilhali Saudi Arabia ilikuwa ya 51. Timu ndogo inapomkabili Lionel Messi, kwa kawaida wachezaji wote hurudi nyuma na "kupaki basi". Kocha wa Saudi Arabia, Hervé Renard, yule yule aliyeipa Zambia Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, alifanya kinyume: aliwapandisha mabeki wake karibu na mstari wa kati, ili mshambuliaji wa Argentina atakayewahi kukimbilia mpira nyuma yao awe ameotea, yaani awe amewatangulia mabeki kabla pasi haijapigwa, na bao lake lisihesabiwe.

Mpango huo ni wa hatari kubwa, kwani beki mmoja akichelewa kupanda kwa hatua moja tu, mtego wote huharibika na kipa hubaki uso kwa uso na mfungaji. Messi alikuwa amekwisha kufunga penalti dakika ya 10, na kabla ya mapumziko Argentina ilitikisa nyavu mara tatu zaidi, lakini mabao yote matatu yalikataliwa kwa kuotea. Moja kati ya hayo, la Lautaro Martínez, lilikataliwa kwa tofauti ndogo mno, na hapo nawapa wenzako haki yao. Hata hivyo, timu iliyonaswa ikiotea mara 7 katika kipindi kimoja haikunaswa kwa bahati. Watatu kati ya mabeki wanne walioanza walikuwa wa klabu moja, Al-Hilal, na watu waliozoeana namna hiyo hupanda pamoja bila kuitana.

Wakati wa mapumziko Renard aliwafokea wachezaji wake kwa kumwachia Messi nafasi, akiwaambia kwamba kama wanataka kupiga naye picha, basi wakachukue simu zao. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha kwa shuti la chini lililomwacha kipa Emiliano Martínez. Dakika tano baadaye Salem Al-Dawsari akauchukua mpira upande wa kushoto wa eneo la penalti, akawazungusha mabeki na kuupiga kwa mguu wa kulia hadi pembe ya juu ya mbali. Mimi sijaona bao zuri kuliko hilo katika hatua ya makundi ya mwaka ule. Dakika za nyongeza, Abdulelah Al-Amri aliokoa kwa kichwa mpira uliokuwa ukiingia golini.

Kufungwa baadaye na Poland 2–0 na Mexico 2–1 kunaonyesha kwamba kikosi hakikuwa na upana wa kutosha kwa mashindano mazima, wala hakubadilishi kilichotokea Lusail. Wenzako wakibisha, warudishe kwenye kipindi cha kwanza, na waombe wasiufuate mpira, bali wawatazame mabeki wale wanne kila Messi anapoinua kichwa kutoa pasi.