Re: NT-proBNP ya mama imetoka 480, ndo moyo umefeli?

Pole dada, usipaniki kwanza. Umesema mama ana miaka 68, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imeonyesha AF, yaani mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na NT-proBNP, kile kipimo cha damu cha kitu ambacho moyo unakitoa ukielemewa, kimesoma 480. Hiyo namba peke yake haisemi moyo umefeli. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka hovyo badala ya kupiga vizuri, presha ndani inapanda, kuta zinavutika, na zikivutika zinamwaga hiyo NT-proBNP kwenye damu hata kama moyo bado unasukuma fresh tu. Ndo maana madokta wa Ulaya kwa asiye na AF wanaanza kushtuka ikizidi 125 ila mwenye AF wanaangalia 365, halafu umri mkubwa na figo dhaifu navyo vinaipandisha.

Na ule mkojo uliosema anaupata kila saa mapigo yakienda mbio, inaweza kuwa homoni nyingine inaitwa ANP, inaziambia figo zitoe chumvi na maji, ila sukari mpimeni tu, maana nayo inaleta mkojo mwingi.

Ombeni eko (ultrasound ya moyo), kreatinini (kipimo cha figo) na TSH (kipimo cha tezi ya shingo), maana hiyo tezi ikizidisha homoni inaleta AF na wengi wanaisahau. Akivimba miguu au akikosa pumzi akilala msisubiri eko, hospitali hapo hapo. Na muulizeni dokta dawa za kuzuia damu kuganda, maana AF inaweza kugandisha damu ndani ya moyo, mi naona hilo ni kubwa kuliko hiyo 480.