Infirmiye mwenye masta anasaidia nini?

SWALI: Jambo redaksio, miye ni infirmiye hapa Kadutu, Bukavu, niko na miaka kumi kwa kazi. Nasikia Marekani kuko infirmiye wenye masta, wanapima wagonjwa na kuandika dawa. Sasa hao wanasaidia nini hospitali ipate sifa ya uuguzi bora, ao ni madokta wadogo tu?

JIBU: Hapana dada, si madokta wadogo, hilo jina linaniuma sana. Masomo yao yalianza 1965 kule Colorado, na Loretta Ford, infirmiye, pamoja na daktari Henry Silver. Faida yao iko pale kitandani: infirmiye wa namna hiyo anaona wagonjwa wenye sonde ya mkojo, ule mpira wa kutoa mkojo, wanapata infeksio, anauliza mbona sonde inabakia siku nyingi hivi, anasoma utafiti, anabadilisha protokole, anakaa na wenzake hata zamu ya usiku mpaka wazoee, kisha anahesabu kama infeksio zimepungua kweli. Hesabu za namna hiyo njo Magnet inadai, ile cheti ya uuguzi bora ya Marekani, hospitali ya kwanza kuipata ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, 1994. Weye usingoje masta dada, fungua kaye ya sonde kwa servisi yako, andika siku ya kuweka na siku ya kutoa, halafu umuonyeshe shefu wako.