Maswali ya Msimu: Unga Kwenye Maua, Korosho Zilizorudishwa na Buni ya Mbinga

Maswali ya mwezi huu yametoka zaidi Tandahimba, Newala na Ruangwa, na wengi mnauliza bei ya korosho itakuwaje. Bei hakuna anayeijua kabla ya mnada, kwa hiyo nimechagua yale ambayo mkulima anaweza kuyasimamia mwenyewe: mti wake, uanikaji wake na gunia lake. Huko ndiko ninakoona fedha nyingi za familia zinapotea.

*Shikamoo bwana shamba. Mikorosho yangu ilitoa maua mengi, lakini baada ya siku chache yakawa kama yamemwagiwa unga mweupe, kisha yakageuka kahawia na kupukutika. Nilipulizia salfa mara mbili. Je, niliuziwa dawa feki? (Mama mkulima, Tandahimba)*

Marahaba mama, na pole sana. Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu. Dawa feki zipo, ila kwa maelezo yako nadhani tatizo ni muda. Salfa ni kinga. Inalinda ua lililo zima, lakini ua lililokwisha kukauka halifufuki. Kuvu hii hupenda kilicho kichanga: jani jipya, shada linalochomoza, bibo dogo (tunda la mkorosho). Tena hupenda usiku wa baridi wa Juni hadi Agosti. Na mashada hayatoki yote siku moja, huendelea kutoka kwa wiki nyingi. Raundi mbili zililinda yale ya mwanzo tu, yaliyofuata ukayaacha wazi.

Anza mara mashada ya kwanza yanapochomoza, usingoje kuona unga. Rudia kila baada ya wiki mbili hadi tatu, kama lebo inavyoelekeza, mpaka matunda yashike. Salfa ya unga ipulizwe alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande, ndipo inaposhika. Ukianza saa nne asubuhi, nusu yake inaishia kwa jirani. Na huyo jirani mshawishi apulizie siku zilezile, maana ugonjwa unasafiri na upepo.

Kuna kazi moja wengi wanairuka. Mwezi wa tano, ingia chini ya mti, inama, utazame ndani ya kivuli kwenye shina na matawi makubwa. Utaona vichipukizi laini vimejitokeza mahali jua halifiki, vingine tayari vina vumbi jeupe upande wa chini wa jani. Humo ndimo ubwiriunga unamokaa kusubiri maua. Viondoe vyote, ukapunguze na matawi yanayogusa ardhi. Kazi hii haihitaji fedha, panga na watu wa nyumbani wanatosha.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: salfa ya miaka mingi huongeza uchachu wa udongo, na udongo wetu wa kichanga hauhimili sana. Kama karanga unazopanda katikati ya mikorosho zimeanza kudumaa mwaka hadi mwaka, usilaumu mbegu kabla udongo haujapimwa.

*Babu alituachia mikorosho mingi, ila imesongamana, matawi yamepishana, na mavuno ni kidogo. Nataka kuikata yote nipande mipya. Unanishaurije? (Kijana, Ruangwa)*

Usikate yote, mwanangu. Na kabla ya kushika shoka, kaa na mjomba na ndugu zako. Shamba la ukoo likikatwa kimyakimya huzaa ugomvi unaodumu kuliko mkorosho wenyewe.

Mkishakubaliana, tembea shambani wakati wa mavuno ufunge kamba kwenye miti inayozaa vizuri. Hiyo ibaki. Ile mibovu iliyobanana iondolewe, ili mwishowe mti na mti uwe na nafasi ya mita 12 hivi. Kwa nafasi hiyo ekari moja inachukua miti 28, na inatosha. Mkorosho huzaa pembezoni mwa mwavuli wake, penye jua, kwa hiyo miti iliyosongamana inakupa kuni tu.

Mti wenye shina zima lakini uzao hafifu unaweza kuubadilisha bila kung'oa. Unakatwa ukabaki kisiki, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, kisha unayabebesha vikonyo, yaani unayaunganishia vijiti vichanga kutoka mti mama bora. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapa hapa Mtwara, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na mbegu bora nyingi zimetoka kwao. Ubadilishe mistari michache kila mwaka, nyumba iendelee kula.

*Nilipeleka magunia matatu kwenye chama cha msingi, karani akanirudishia akisema zina unyevu. Nilianika siku nzima! (Mjane, Newala)*

Pole dada. Siku moja haitoshi. Korosho inataka jua kali la siku mbili hadi tatu, itandazwe tabaka jembamba kwenye turubai au sakafu safi, igeuzwe, na jioni ifunikwe isipate umande. Unyevu usizidi asilimia 10. Huna kipimo? Bonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, rudisha juani. Ukiteleza, na konzi yako ukiitikisa inalia kavu, ziko tayari.

Ila kazi imeanzia chini ya mti. Usitikise matawi, subiri bibo lianguke lenyewe, maana korosho ya kuangushwa ni changa na kokwa lake halijajaa. Fyeka chini pawe peupe kabla ya Septemba. Okota kila siku ukiweza, hasa mvua za Novemba zikianza kunusa. Ukinyonyoa, nyama ya bibo isibaki hata kidogo kwenye korosho, kwani hapo ndipo uozo unapoanzia. Zilizosinyaa na zenye madoa weka kando ziuzwe daraja la pili. Konzi chache mbovu zilizochanganywa zinaweza kushusha mzigo wote. Tumia gunia la katani au juti, siyo la nailoni, na nyumbani liweke juu ya vichaga mbali na ukuta.

*Mwezi wa tisa nyumbani hakuna kitu, na mnunuzi wa bakuli anakuja mlangoni na fedha taslimu. Kuna ubaya gani kumpa kidogo? (Baba wa watoto wanne, Nachingwea)*

Njaa ya mwezi wa tisa naijua na siwezi kuikebehi. Lakini kangomba, yaani huo ununuzi wa bakuli mlangoni, ni kosa kisheria, na bakuli lile halijawahi kuwa kilo. Limetengenezwa kukuzidi. Halafu mzigo uliouza mlangoni hauingii mnadani kwa jina lako, kwa hiyo bei ikipanda faida ni yake.

Dawa ya mwezi wa tisa inapandwa mwezi wa kumi na mbili. Ufuta na mbaazi vinakomaa kabla ya korosho, na mbaazi unaweza kuipanda katikati ya mikorosho michanga. Ukiwa na kikundi cha kuweka na kukopa, kopa humo. Najua haisaidii mwaka huu, lakini mwakani itasaidia.

*Mke wangu ni Mmatengo wa Mbinga. Anasema tupande buni hapa Mahuta. Itakubali? (Msomaji)*

Kama zao la biashara, hapana. Kahawa ya arabika hupenda milima iliyozidi mita 1,000, na uwanda wetu wa Makonde uko chini ya hapo. Robusta ya Kagera hustahimili maeneo ya chini zaidi, lakini kule mvua hainyeshi msimu mmoja kama kwetu, ambako tangu Mei hadi Novemba ardhi ni kavu. Miche michache uani, chini ya migomba, kwa maji ya kuoshea vyombo, apande kwa furaha yake. Tena mwache asimamie uokotaji wa korosho, kwa sababu aliyezoea kuchuma buni nyekundu tu hataleta tunda bichi nyumbani.

*Maji moto, wale sisimizi wekundu, wamejaa kwenye mikorosho. Niwachome? (Msomaji, Mtama)*

Usiwachome. Wanamla na kumfukuza mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yakauke. Na kwa kuwa korosho huokotwa chini, hamgombanii sehemu moja.