Tumeona fuvu mlimani, tufanye nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Jumapili mimi na wenzangu wawili tulipanda Mlima Loleza, mvua ikatukimbizia chini ya mwamba. Pembeni maji yalikuwa yamekomba udongo: tukaona fuvu, mfupa mrefu na kigae cha chungu. Mmoja anataka tulishushe fuvu tulipeleke chuoni. Mwingine anasema tunyamaze tusije tukaambiwa "tuisaidie polisi". Je, laweza kuwa la kale?
Kijana wa Forest, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fuvu libaki hapohapo. Huyo wa chuoni ana nia njema, lakini ndiye atakayeharibu. Wataalamu husoma tabaka la udongo, mkaa, namna marehemu alivyolazwa. Kule Mlambalasi, Iringa, jirani na kaburi la Mkwawa, palifukuliwa mifupa ya watu wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ingeshushwa kwenye kiroba, nani angeujua umri huo?

Na usiukadirie kwa macho. Mwaka 1991 Wajerumani wawili, Helmut na mkewe Erika Simon, walikuta maiti imechomoza kwenye barafu, mita 3,210 juu, mpakani mwa Austria na Italia. Ikadhaniwa ni mpanda mlima wa juzijuzi tu. Waliokwenda kuitoa walitumia nyundo ya upepo, wakaijeruhi nyonga. Kumbe ni mtu wa miaka kama 5,300 iliyopita, na shoka lake la shaba! Ncha ya mshale begani mwake ilionekana 2001.

Kwa hiyo nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha polisi, wote watatu. Kunyamaza ndiko kutakakowaponza. Fuvu hilo laweza kuwa la mtu ambaye nduguze wanamtafuta mpaka leo. Likionekana ni la kale, waoneni afisa utamaduni wa halmashauri na watu wa malikale; Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka aliyegundua atoe taarifa. Wazee wa Kisafwa nao waulizwe, maana miamba mingine ni mahali pa matambiko.

Kama mlipiga picha, wapeni wahusika tu. Msizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Hawa wasaka rupia za Mjerumani, sarafu zinazosemekana zilifukiwa enzi za ukoloni, wakiona kigae kando ya fuvu, kesho yake alfajiri wako Loleza na sululu.