Naanza dripu za kemo na nywele zitaondoka, wigi ninunue lini na la aina gani?

SWALI: Asalaam alaykum dada nesi. Mie nipo Wete, nna miaka 38, nimekutwa na saratani ya titi na mwezi ujao inshaallah navuka Dar kuanza dripu. Nimeambiwa mara 4 ntapewa ile dawa nyekundu kila baada ya wiki 3, alafu mara 4 nyengine dawa ya aina ya pili, na nywele zitaondoka zote. Zangu zinafika mgongoni. Jee ninyoe sasa hivi au nisubiri? Wigi ninunue kabla au baada, saizi ntajuaje, na la nywele za mtu au la plastiki? Na wiki ya 7 toka nianze kuna harusi ya mdogo wangu, sitaki watu wawe wananitazama kichwa.

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, pole sana na Mwenyezi Mungu akupe shifaa. Umefanya la maana kuuliza mapema, wengi wananiuliza nywele zishajaa kwenye mto na hapo mtu hana tena akili ya kuchagua kitu.

Nianze na nywele zenyewe. Hiyo dawa nyekundu ni doksorubisini, mara nyingi inakwenda pamoja na siklofosfamaidi, na ile ya pili kwa ulivoeleza yaelekea ni paklitakseli, mwambie daktari akuandikie majina kwenye karatasi. Hizo ni katika dawa zinazoangusha nywele kweli kweli, sikupi matumaini ya uongo. Dawa ya kemo inapiga seli zinazogawanyika mbio mbio, saratani iko hivyo na mzizi wa nywele nao uko hivyo hivyo, katika kila nywele 100 za kichwani kama 85 mpaka 90 zipo kwenye kukua muda wowote ule, ndio maana zinang'oka kwa mkupuo. Kwaio hakuna ulichokosea, na wala hakuna mafuta ya nazi, habasoda au maji ya kitunguu thomu yatakayozizuia, na hicho kitunguu nakuomba usipake kabisa, ngozi ya kichwa kipindi hicho inaungua kwa kitu kidogo. Kuna mahospitali ya nje wanavalisha kofia maalum za baridi zenye mashine, kabla ya dripu, wakati inaingia na baada, ubaridi unabana mishipa ya kichwani dawa isifike sana, inawasaidia baadhi sio wote. Barafu ya kwenye friji ukajifunga na kanga sio kitu hicho, itakuunguza ngozi bure.

Sasa hesabu ya siku. Dripu ya kwanza ikishaingia wiki nzima hutoona kitu, utasema zangu zimenusurika, alafu kati ya siku ya 14 na 21 kichwa kinaanza kuuma kama ulisukwa misuko ya kukaza, na baada ya hapo ndio zinakuja na kitana. Yaani kabla hujarudi kwa dripu ya pili ushaanza. Mie ushauri wangu usinyoe sasa. Zikate fupi, kimo cha kidole hivi, wiki ile kabla hujasafiri, nywele za mgongoni zikianguka zinafungana mafundo na zinatisha zaidi kuliko fupi, khasa kama kuna watoto nyumbani, na hao uwaambie mwanzo kwamba dawa ya mama itaondoa nywele ili wasidhani umezidiwa. Zikianza kutoka zenyewe ndio unapitisha mashine. Mashine nasema, sio wembe! Chembe nyeupe za damu zinashuka wiki ya pili baada ya kila dripu na mchubuko mdogo wa wembe unaweza kuingiza maradhi. Mumeo au dada yako akupitishie hapo hapo nyumbani, abakishe milimita 3 hivi, na mashine isafishwe kwanza kwa spiriti. Vile vishina vinavobaki vinachoma kama miba ukilala, chukua tepe ya kubandikia karatasi jizungushie mkononi upande wa gundi uwe nje, gusa gusa kichwa, vinatoka vyote.

Tuje kwenye wigi, na hapa ndio nataka unisikilize zaidi kwa sababu maelezo mengi ya wigi yameandikwa kwa mwanamke anaekwenda kazini na kichwa wazi, na sie huku hatuishi hivyo. Wewe barabarani una ushungi. Wigi lako litaonekana nyumbani, mbele ya mumeo na watoto, na kwenye shughuli za wanawake. Na mara tano kwa siku unatia udhu, maji lazima yafike kichwani penyewe, kwaio wigi lolote la kubandika kwa gundi kwako halifai hata likiwa zuri vipi, ukiacha kwamba gundi kwenye ngozi ya mtu aliyo kwenye kemo ni balaa. Nlimuona mama mmoja alobandikwa saluni siku mbili kabla ya shughuli, kuvua kukatoka na ngozi ya juu ya paji la uso, na dripu yake ikaakhirishwa mpaka kidonda kikauke. Tafuta la kuvaa na kuvua kama kofia.

La plastiki au la nywele za mtu? La plastiki ni jepesi, unalifua linarudi na mtindo wake ule ule, bei nafuu, ila ukilivaa kila siku miezi michache tu linachoka. La nywele za mtu linakaa mwaka na zaidi lakini zito, linataka kutengenezwa kila ukifua, na bei yake ikiwa itakula nauli yako ya boti ya kwendea dripu basi achana nalo. Pia kuna la dini, mie ni nesi sio sheikh, lakini hadithi za kukataza kuunga nywele unazijua, na kwenye madhehebu yetu ya Shafi nywele za binadamu ndio zilizokazwa zaidi, sasa la mgonjwa kamuulize sheikh unaemuamini kabla hujatoa pesa, usije ukanunua alafu ukawa unalivaa na roho inakusuta. Kwa hali yako mie ningechukua la plastiki, fupi la mabegani, lenye wavu wa ndani ulioachana mistari ili upepo upite, joto la huku na ushungi juu yake utanishukuru.

Saizi chukua tepu ya fundi cherehani, anzia pale nywele zinapoanzia kwenye paji, pitisha juu ya masikio mpaka kisogoni chini, rudi ulipoanzia. Wanawake wengi wanakuwa kati ya sentimita 54 na 57. Ila kichwa cha nywele nyingi na kichwa kilonyolewa sio kimoja, kinapungua, kwaio angalia ndani kisogoni pawe na vijikanda vya kukazia. Nunua kabla hujavuka, nywele zako zingalipo, uchague rangi kwa kulinganisha, tena rangi nyepesi kidogo kuliko yako kwa sababu uso wa mtu aliyo kwenye dawa unapauka na nyeusi tititi inamzidisha. Jipige picha za mbele na pembeni ukae nazo.

Kitu chengine ambacho wauzaji hawasemi: mawigi mengi ya madukani yana vichana vidogo vimeshonewa ndani vya kuchomeka kwenye nywele zako au mabutu. Wewe hutokuwa na nywele, vile vitakukwaruza kichwa. Vifumue vyote kwa mkasi mdogo, alafu mwambie fundi akushonee mkanda wa mahameli kwa ndani paji mpaka paji, mahameli inashika ngozi haitelezi. Chini yake kofia nyembamba ya pamba, uwe nazo mbili tatu za kubadilisha maana utatoka jasho. Hiyo hiyo kofia ndio itakusaidia na mtandio wa kuteleza, utashangaa jinsi mtandio unavoporomoka kichwa kikiwa hakina nywele.

Kulifua, kwa joto letu kila wiki, maji baridi na shampuu kidogo, usisugue wala kukamua, likandamize na taula ulitundike kivulini. Usiingie nalo jikoni. Mvuke wa sufuria ukifunua kifuniko au moto wa mkaa unakunja nywele za plastiki hazirudi tena, jikoni jifunge kanga. Na usije ukalifukiza udi! Najua tunafukiza kila kitu, lakini chetezo na plastiki havipatani, na harufu kali yenyewe siku za dripu itakutapisha.

Nyusi na kope sasa, hizi ndio ushungi hauzifichi na hakuna anaezitaja. Zinachelewa, mara nyingi zinatoka ukiwa kwenye ile dawa ya pili, nyengine zinakwenda wakati kichwani vishaanza kuota vinyweleo. Jifunze kuchora kwa wanja wa penseli mapema nyusi zako zikiwepo, ufuate msitari wake. Piko usipake, si kwenye nyusi si mikononi, nyingi zimetiwa kemikali ya rangi ya nywele inayobabua hata mtu mzima wa afya.

Ukimaliza dripu zote, kama miezi 6 hivi kwa mpango wako, nywele zinaanza kurudi baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na zinakwenda kama sentimita moja kwa mwezi. Mwanzo zinaweza kuja laini, za mawimbi au rangi nyengine. Wapo wachache hazirudi zote kama mwanzo, khasa walopewa dosetakseli, dawa ya jamii moja na paklitakseli, ndio maana nakwambia jina la dawa ulijue. Na ukija kupigwa mionzi ya titi nywele za kichwa haziondoki tena, mionzi inaangusha pale inapopiga tu.

Harusi. Wiki ya 7 ukihesabu ni siku kama 7 baada ya dripu ya tatu, kichwa kitakuwa hakina kitu na ndio hizo siku kinga yako iko chini, kwaio wigi kwangu ni jambo la pili, la kwanza mwambie daktari kuhusu tarehe hiyo. Akikuruhusu, kaa penye upepo, usikae na mwenye mafua, kula cha moto kilichotoka jikoni sasa hivi, na homa ikifika 38 usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Wigi anza kulivaa wiki mbili kabla, saa moja moja ndani ya nyumba, ujue linabana wapi. Nijibu tarehe ya dripu ya kwanza ukishapewa, nikuhesabie siku vizuri, kama kuirudisha harusi wiki moja nyuma, kabla ya dripu ya tatu kinga yako ishapanda, kunawezekana basi bora wairudishe.