Kanuni na kinanda cha kompyuta

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Unguja ninayetengeneza midundo kwa kompyuta. Mwezi wote wa Februari niliacha kazi zangu za jioni nikawa nahudhuria mazoezi ya taarabu, nikikaa nyuma ya mzee mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ambaye huvaa pete za kuchopolea nyuzi katika vidole vyake viwili vya shahada. Nimejifunza subira, kwani wimbo mmoja hukaribia robo saa. Hata hivyo, nilipouiga muziki huo katika programu yangu, ulitoka umepooza, nami nikaanza kuyashuku masikio yangu. Kosa liko wapi?

JAWABU: Marahaba. Masikio yako ni mazima. Kosa ni la kinanda. Taarabu ya asili, ambayo vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, viliijenga kwa kufuata mfano wa Misri, hutumia maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti za kutungia nyimbo, na baadhi yake, kama rasti, zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili. Mpiga kanuni huzipata kwa kuinua na kushusha vile vibao vidogo vya chuma vilivyo mkono wake wa kushoto, ambavyo bila shaka uliviona. Wewe anzia noti ya C, kisha ushushe E na B kwa senti 50 hivi, yaani nusu ya umbali wa sauti kati ya vibonye viwili vinavyofuatana. Fidla nazo usizinyooshe mno, maana huteleza kutoka sauti hadi sauti. Halafu mwombe mzee akupigie rasti polepole, ulinganishe.